Chai ya Kutoka Madarakani

Mwenyekiti hakuwa akisikiliza maneno ya mtu, alikuwa akiyahesabu. Ukimweleza jambo, hata liwe la msiba, ungeona kidole gumba chake cha mkono wa kulia kikitembea juu ya vidole vingine, kwenda na kurudi. Ukimaliza angetikisa kichwa kwa huruma na kusema, "Pole sana. Lakini hapo kwa mama mkwe umezidisha mizani mbili." Mizani ni silabi za mshororo wa shairi, nane upande wa kushoto na nane upande wa kulia, naye aliamini kabisa kwamba shida nyingi za nchi hii zinatokana na watu kupitisha nane.

Jina lake sitalitaja, na nusu ya mtaa hatukulijua. Alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha ustawi, chama cha kuzikana, kupanga zamu ya bomba la maji na kuandikiana barua, katika mtaa wetu wa nyumba za zamani, hatua chache tu kutoka Kaloleni. Alikaa kwenye kiti hicho miaka kumi na tisa. Watoto waliozaliwa alipochaguliwa walikuja kumwomba barua za kitambulisho, wakimwita Mwenyekiti kama vile ndivyo alivyobatizwa.

Mimi nauza mapazia soko la Gikomba. Nilimfahamu kwa miaka mingi, nikamheshimu, nikamcheka, na mwishowe nikamng'oa. Ya mwisho ndiyo iliyonifundisha zaidi, lakini nitayaeleza haya kwa utaratibu wangu mwenyewe.

Alikuwa mtunzi. Si mtunzi wa kitabuni. Alikuwa mtunzi wa ukumbini, yule anayeitwa baada ya maombi na kabla ya mgeni wa heshima. Kila mkubwa aliyechaguliwa kutuongoza alipitia ukumbi wetu kushukuru, na kila mmoja alisomewa shairi na Mwenyekiti. Alisimama na daftari lake la kurasa thelathini na mbili, akakohoa mara mbili, akaufundisha umati kiitikio, ule mshororo wa mwisho unaorudiwa katika kila ubeti, kisha akaanza kwa sauti nyembamba iliyokuwa haifanani na mwili wake:

*Leo ngoma zinaanza, wamejipanga watoto,*
*Kila mtu akutunza, shingo yako ina vito,*
*Wa jana alijiponza, akasahau uzito,*
*Karibu uketi kwanza, kiti kingali na joto.*

Sisi tuliupokea mshororo wa mwisho kwa makofi na miguu, kiti kingali na joto, kiti kingali na joto, na mheshimiwa akainuka akacheza. Walicheza wote. Nimeona waheshimiwa wanne wakicheza shairi hilohilo, kila mmoja akiwa na mashada ya karatasi za kumetameta shingoni, kila mmoja akimkumbatia Mwenyekiti na kumwambia kwamba hajawahi kutungiwa kitu kizuri namna hiyo. Hakuna aliyeuliza joto lile ni la nani.

Wa pili alilipenda kupita kiasi. Aliomba nakala, akaitia kwenye fremu ya dhahabu, akaitundika ofisini nyuma ya kiti chake. Miaka mitano baadaye alipoondoka alibeba zulia, pazia (nililomuuzia mimi), saa ya ukutani na hata balbu. Fremu aliiacha. Wa tatu alipoingia akaikuta, akaisoma, akasema ni dalili njema kwamba watu walimtungia shairi hata kabla hajafika.

Nilimuuliza Mwenyekiti siku moja, "Mzee, hivi hawa watu hawaelewi?"

"Wanaelewa vizuri tu," akasema. "Lakini kila mmoja anafikiri ni shairi la yule aliyetoka."

Alikuwa na nadharia yake, na aliifundisha popote alipopata watu wawili waliokaa. Hotuba, alisema, humdanganya mtu, maana yeye ndiye anayeianza na yeye ndiye anayeimaliza. Shairi haliwezi kumdanganya. "Mishororo mitatu ya kwanza ni yao," alisema akinyanyua vidole. "Waweke vito, waweke magari, waweke bendera, waweke shangazi zao. Wa nne ni wetu. Wa nne haubadiliki. Ubeti ujao wanakuja wengine na vito vingine, wa nne uko palepale unawangoja." Kisha angeangalia vidole vyake vinne kwa mapenzi, kama mtu aliyevitengeneza mwenyewe.

Hilo lilikuwa shairi la kuingia. Lakini kilichomfanya Mwenyekiti awe Mwenyekiti ni shairi la kutoka, na hilo hukulisikia ukumbini.

Desturi ilikuwa hivi. Mkubwa akishindwa uchaguzi, au akistaafishwa, Mwenyekiti alihesabu siku saba kamili. Siku ya nane alivaa koti lake la kijivu, akachukua daftari, akaenda nyumbani kwa yule mtu saa kumi jioni, saa ya chai. Hakupiga simu kwanza. Alisema aliyetoka madarakani hahitaji kupigiwa simu, maana yuko tu. Alikaa, akangoja chai iletwe, akangoja imiminwe, ndipo akakohoa mara mbili:

*Bendera wameing'oa, haipo tena garini,*
*Walinzi wamejitoa, wewe umebaki ndani,*
*Viti wamekuja zoa, vimerudi kanisani,*
*Kunywa, chai inapoa, mimi bado ni jirani.*

Mtaani watu waligawanyika juu ya jambo hili. Wengine walisema ni kejeli, kwamba mzee anaenda kumwagia mtu chumvi kwenye kidonda. Mimi pia niliamini hivyo, na nilifurahi sana, kwa sababu kuna watu wawili kati yao walionichukulia mapazia wakaniambia nije ofisini kulipwa. Lakini siku moja aliniomba nimsindikize, nikaona kwa macho yangu.

Tulienda kwa yule wa kwanza, aliyekuwa na geti la kufunguliwa na watu wawili. Geti lilikuwa wazi, na hapakuwa na mtu. Sebuleni makochi yalikuwa bado yamevikwa nailoni, maana enzi zake wageni walikuwa wengi hata hapakuwa na siku ya kuyavua. Alituletea chai yeye mwenyewe, bila sambusa. Mwenyekiti alipofika kwenye viti na kanisa yule bwana alicheka. Alipofika kwenye jirani akaanza kulia, mtu mzima, kikombe mkononi. Mwenyekiti hakumtazama. Alikunywa chai yake polepole, akauliza habari za goti lake. Walizungumza juu ya lile goti kwa saa nzima, na tulipotoka yule bwana alitusindikiza hadi barabarani, akapunga mkono mpaka tukakata kona.

"Wiki nzima," Mwenyekiti akaniambia, "mimi ndiye mtu wa kwanza."

Si wote waliompokea hivyo. Wa tatu alimtuma msichana wa kazi aseme bwana amesafiri, huku malapa yake yakionekana chini ya pazia. Mwenyekiti akalisomea lile pazia ubeti mzima, akaliambia kwaheri, akaondoka. Chifu mmoja mstaafu alikubali kusomewa lakini akataka kiongezwe kipande kuhusu taa za barabarani alizozileta. "La kutoka halina sifa," Mwenyekiti akamjibu. "Sifa ulizimaliza zote wakati wa kuingia."

Sasa, ungedhani mtu kama huyo, anayejua kwa vidole vyake kwamba mamlaka ni mishororo mitatu tu, angekiachia kiti chake mwenyewe mapema na kwa tabasamu. Wapi.

Miaka ile kumi na tisa ilipitishwa kwa ustadi ambao wale waheshimiwa wanne wangelipa kuufundishwa. Uchaguzi wa chama ulipangwa kila baada ya miaka mitatu. Mwaka mmoja uliahirishwa kwa sababu ya mvua. Mwingine kwa sababu ya Ramadhani, akidai ndugu zetu Waislamu wasingeweza kusimama juani. Nao wakamwambia wanaweza, akasema yeye hawezi kuwatazama wakiteseka. Mwingine kwa Krismasi, watu wameenda makwao magharibi. Mwingine akidi haikutimia, na aliyeamua kwamba haikutimia ni yeye, aliyekuwa amewaambia nusu ya wanachama kwamba mkutano ni kesho yake. Ukimkumbusha mashairi yake, "Na wewe je, Mwenyekiti?", alishangaa kwa dhati.

"Mimi si mamlaka," alisema. "Mimi ni huduma."

Na huduma ilikuwa na muhuri. Hapa ndipo penyewe. Muhuri wa chama ulikaa kwenye mfuko wa ndani wa lile koti la kijivu, upande wa moyo. Hakuuacha nyumbani, hakumpa katibu, na alikwenda nao msalani. Barua ya chama ikishaandikwa, aliutoa, akaupulizia pumzi, haa, haa, kama mtu anayesafisha miwani, kisha akaukandamiza kwa viganja vyote viwili na kufumba macho. Ulipoinuka uliacha doa la bluu lenye umbo la yai. Katika lile doa hakuna herufi hata moja iliyosomeka. Mpira ulikuwa umelika zamani. Lakini kila mtu kuanzia kwetu hadi Shauri Moyo alilijua doa lile, na barua yenye doa ilifungua milango: ukumbi, shule, ofisi ya chifu. Kwa mwanachama aliyefiwa lilikuwa na maana kubwa zaidi, kwa sababu ukumbi wa mtaa hutolewa bure kwa mazishi ya mwanachama, na hautolewi bila barua ya chama yenye muhuri.

Nilisimama dhidi yake kwa hasira tu. Nilikuwa nimeenda mara tatu kutafuta barua ya jirani yangu na mara zote tatu nikaambiwa Mwenyekiti anatunga. Mara ya tatu nikasema mbele ya watu pale bombani kwamba mtu anayejua kiti kina joto aangalie makalio yake yasiungue. Watu walicheka, na kufikia jioni nilikuwa mgombea.

Tulipiga kura kwa mlolongo kwenye uwanja wa ukumbi, kila mtu nyuma ya anayemtaka. Mwenyekiti alidai ahesabu mwenyewe. Alipita kwenye mstari wake akihesabu kwa gumba, akapita kwenye wangu, akarudi, akahesabu tena. Nilimshinda kwa watu kumi na mmoja. Alisimama katikati ya mistari miwili, uso umemshuka, na kwa mara ya kwanza nilimwona anafikia hesabu ambayo haikubali kupunguzwa. Nilimwonea huruma, lakini sikuionyesha, nilikuwa nimebebwa juu juu na akina mama.

Hakukabidhi muhuri. Alisema ataukagua kwanza, kwa usalama. Wiki ileile binti yake alikuja na pikapu akamchukua wakakae pamoja Kariobangi, kwenye gorofa, kwa sababu nyumba yake ya huku ilikuwa ikivuja. Alihama na kitanda, redio, sanduku la madaftari, na muhuri.

Nami sikwenda kunywa chai naye siku ya nane. Hakuna aliyekwenda. Nilikuwa na kazi ya uongozi.

Nilichongesha muhuri mpya mjini. Ulikuwa mzuri, mviringo, na jina la chama, na neno MWENYEKITI katikati, kila herufi imesimama wima. Nilipougonga mara ya kwanza kwenye karatasi tupu nyumbani kwangu, niliugonga tena, halafu mara ya tatu, kwa raha tu. Raha ile ilikwisha wiki ya tatu, alipokufa fundi.

Fundi alikuwa fundi cherehani aliyekunja pindo za mapazia yangu tangu nianze biashara. Meza yake na kibanda changu vilitenganishwa na gunia. Alikuwa mwanachama, hajawahi kukosa mchango. Mjane wake alitaka jambo moja tu: mwili upite ukumbini Jumamosi asubuhi, watu wa mtaa na wa soko wamuage, kisha basi liondoke naye kwenda kwao magharibi. Niliandika barua mwenyewe, nikaigonga muhuri wangu, nikampelekea mtunza ukumbi siku ya Jumatano.

Aliishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akaigeuza.

"Mama Mapazia, hii stampu ni ya wapi?"

"Ni ya chama. Mimi ndiye mwenyekiti."

"Najua wewe ndiye mwenyekiti, nilikupigia kura. Lakini hii inasomeka sana." Akanirudishia. "Stampu ya chama haisomeki. Hii mtu anaweza kusema imetengenezwa mjini."

"Imetengenezwa mjini!"

"Unaona?"

Kijana wa bodaboda aliyekuwa akisubiri mteja pale mlangoni akachungulia barua. "Mathe, hiyo inakaa feki," akasema kwa upole. "Ile ya ukweli ni ile blue imemwagika. Si wasee huiendea Kariobangi tu?"

Ndivyo nilivyojua. Watu wangu, walionibeba juu juu, walikuwa wakipanda gari kwenda Kariobangi kugongewa barua na mtu tuliyemwondoa. Nilikuwa na kiti, ofisi na kitabu cha kumbukumbu, na serikali ilikuwa uhamishoni gorofa ya tatu.

Nilienda Alhamisi. Njiani nilipanga maneno makali, na yote niliyoyapanga yalikuwa ya haki. Lakini nilipofika sokoni Kariobangi, kwenye kelele za nyundo za mabati, nikamkumbuka yule bwana wa goti, na ile wiki nzima. Nikahesabu. Tangu uchaguzi zilikuwa zimepita siku kumi na tisa, na mimi niliyekunywa chai ya watu wengine naye sikuwa nimekwenda kumwona. Nikaona aibu. Nikanunua mkate, nikakaa kwenye jiwe nje ya duka, nikatoa ile barua iliyokataliwa, na nyuma yake nikajaribu kutunga. Ilinichukua saa moja na nusu kupata mishororo miwili.

Kwenye ngazi za gorofa nilikuta watu wawili wa mtaa wetu na bahasha. Mmoja alijifanya anafunga kiatu, na alikuwa amevaa malapa. Mwingine alikuwa katibu wangu.

"Nilikuja kumjulia hali mzee," katibu akasema.

"Na bahasha?"

"Ni ya kumjulia hali."

Binti yake alinifungulia. Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, amevaa koti la kijivu ingawa kulikuwa na joto, mkono wa kushoto ukiwa kifuani juu ya mfuko. Alikuwa amekonda. Aliponiona hakushtuka.

"Umekuja kuuchukua," akasema.

"Shikamoo, Mzee. Nimekuja kunywa chai."

Akanitazama. Akatazama saa ya redio. Ilikuwa saa kumi na dakika chache. Nikaona ameelewa, na midomo yake ikacheza kidogo, sijui kwa hasira au kwa kitu kingine. Binti yake akaleta chupa na vikombe, akamimina, akakata mkate wangu, akarudi jikoni. Mimi nikaikunjua ile karatasi. Nikakohoa mara mbili.

"Uchaguzi umekuondoa," nikasoma, "nawe bado una muhuri mfukoni."

Gumba lilikuwa limekwisha kuanza safari yake.

"Kumi," akasema, "kwa kumi na tatu! Mama Mapazia, hilo ni shairi au ni tangazo la kukatika maji?"

"Mzee, mimi nauza mapazia."

"Na pazia ungelikata hivyo? Upande mmoja unafika chini, mwingine unafagia barabara?" Alikuwa amesogea mbele ya kiti. Macho yaliwaka. "Ondoa uchaguzi. Neno kubwa, linakula nafasi. Walipiga nini? Kura. Basi sema kura. *Kura zimekuondoa.* Nane. *Muhuri u mfukoni.* Nane. Umeona? Halijapungua kitu."

"Kura zimekuondoa, muhuri u mfukoni," nikarudia.

"*Kura zimeniondoa,*" akasema taratibu, akihesabu, na gumba likafika mwisho wa vidole na kusimama. Alilitazama. "Nane vilevile," akasema.

Nilitaka kumshika mkono nikaogopa ataondoa mkono.

"Endelea," akasema. "Wa pili."

"*Fundi wetu twamtoa, Jumamosi ukumbini.*"

Alihesabu, akatikisa kichwa kukubali, kisha mkono ukasimama. "Fundi yupi?"

"Fundi cherehani. Alifariki Jumatatu. Ukumbi tumenyimwa."

Hakuwa amejua. Hakuna aliyemwambia, wote waliokuja walikuja na bahasha zao. Fundi ndiye aliyelishona lile koti la kijivu, pamoja na mfuko wa ndani, kwa vipimo vya muhuri. Mwenyekiti alishika ukosi wa koti akawa anaupapasa kwa vidole, na machozi yakamtoka, akaacha yatoke.

"Mshororo wa tatu?" akauliza baadaye.

"Sikuupata. Nilikaa kwenye jiwe nusu siku."

Ndipo alipoingiza mkono mfukoni. Aliutoa muhuri na kuuweka mezani kati ya vikombe, bila kuupulizia pumzi. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyokuwa nikidhani, mpini wake wa mti umekuwa mweusi kwa jasho la mzee. Kisha akasema, akiutazama muhuri, si mimi:

"*Chukua, nimeutoa, usiuweke moyoni.*"

Na hakungoja niseme mshororo wa mwisho. Alinyanyua kikombe chake akanywa chai yote, ikiwa imeshapoa kabisa, akakiweka chini. "Kina chako ni neno kutoa," akasema, "na mimi nimelirudia. Ni kosa. Ila mwandikie mjane barua haraka, niigonge ya mwisho hapa." Niliandika kwenye karatasi ya daftari lake. Aligonga, haa, haa, akafumba macho, na doa la bluu likatoka vizuri, halisomeki hata kidogo. Aliikunja ile karatasi yangu mbaya ya kumi kwa kumi na tatu na kuitia kwenye mfuko wa ndani. Katibu wangu alipochungulia mlangoni Mwenyekiti alimwambia ofisi imehamia kwa Mama Mapazia.

Jumamosi tulimuaga fundi ukumbini. Mtunza ukumbi aliipokea barua kwa mikono miwili.

Siku ile ya Alhamisi, nilipofika nyumbani, niligundua kwamba nilikuwa nimeushika muhuri mkononi njia nzima, na mkoba wangu ulikuwa begani mtupu. Nilicheka peke yangu. Nikajiambia ni kwa usalama.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Ule muhuri wangu wa mjini sijui uko wapi. Ninatumia ule wa zamani, na nimejua kwa nini hupuliziwa pumzi, maana bila pumzi hautoi hata doa. Fundi mwingine amenishonea mfuko ndani ya sweta. Muda wangu unaisha mwezi ujao, lakini wanachama wengi, na katibu ndiye anayewaongoza, wanasema haifai kubadilisha uongozi wakati huu wa mvua. Nimewaambia nitafikiria. Sikuomba mimi. Mimi ni mtu wa kuhudumia tu.

Jana mchana simu ililia nikiwa kibandani nakunja mapazia. Sauti ilikuwa nyembamba, imechoka, na nyuma yake nilisikia nyundo za mabati. Aliniuliza habari za biashara, habari za mtaa, habari za mjane wa fundi. Nilimjibu yote kwa kirefu, na najua alikuwa akihesabu. Nilipomaliza alikohoa mara mbili.

"Mama Mapazia," akasema, "siku hizi wewe hunywa chai saa ngapi?"